Jinsi ya Kupotea Ndani ya Ubongo wa Panya: Mwongozo kwa Asiyejihadhari

Hongera kwa kupata nafasi maabarani. Umekabidhiwa kisanduku cha vipande vya ubongo wa panya, vichupa vitatu vya kingamwili, na msimamizi ambaye kila siku yuko safarini. Mwongozo huu ni wako. Haukusudii kukufundisha sayansi ya neva. Vitabu vya kazi hiyo vipo, tena ni vizito kuliko begi lako. Unakusudia kukuonyesha mashimo waliyotumbukia waliokutangulia, wengine wakiwa na vyeo vya kutisha, ili nawe ukitumbukia usiseme hukuambiwa.

Kwanza sahau maziwa na mifupa. Ndani ya seli ya neva kalsiamu ni amri, na ikizidi ni sumu. Katika majimaji yanayoizunguka seli, kiwango chake ni zaidi ya milimoli 1 kwa lita. Ndani ya seli iliyotulia ni kama nanomoli 100, yaani pungufu karibu mara elfu kumi. Seli hutumia nguvu nyingi mchana na usiku kuilinda tofauti hiyo. Mshtuko wa umeme ukipita, milango hufunguka na kalsiamu humiminika ndani kwa milisekunde chache. Hiyo ndiyo inayoviamuru vifuko vya kemikali vimwage shehena yao kwa seli jirani, na ndiyo inayoviamsha vimeng'enya na hata jeni. Ikishamaliza kazi ni lazima iondolewe, maana ikikaa inaua.

Hapo ndipo zinapoingia protini zinazoshika kalsiamu, na hapo pia lipo shimo la kwanza: kudhani zote zina kazi moja. Baadhi hupokea kalsiamu, zikabadilika umbo, kisha zikaenda kuzisukuma protini nyingine zifanye kazi. Mkubwa wao ni kalmodulini, ambayo imo karibu katika kila seli ya mwili, kwa hiyo usihangaike kuitafuta kama alama ya seli fulani. Utaikuta kila mahali na hutajua lolote. Nyingine huishika tu kalsiamu na kuiachia baadaye, zikipunguza ukali wa mawimbi yake. Vichupa vyako vitatu ni vya kundi hili la pili, ingawa mpaka kati ya makundi haya haujanyooka: kalbindini, kwa mfano, nayo hubadilika umbo ikishika kalsiamu, na wapo wanaoitilia shaka hadi leo.

Sasa vichupa vyenyewe. Cha kwanza ni cha kuitafuta parvalbumini, protini ndogo ya kilodaltoni 12 hivi. Haikupatikana kwanza kwenye ubongo wala kwa panya, bali kwenye misuli ya samaki na vyura. Mwaka 1973 Robert Kretsinger na C. E. Nockolds wa Chuo Kikuu cha Virginia walichora umbo la parvalbumini ya samaki wa maji baridi aitwaye karpi. Waliipa misokoto yake herufi kuanzia A hadi F, na wakaona kwamba msokoto wa E na wa F, pamoja na kitanzi kilicho kati yao kinachoishika kalsiamu, vinafanana na kidole cha shahada na gumba vilivyonyooshwa. Tangu hapo umbo hilo linaitwa mkono wa EF, na familia nzima ya protini hizi hutambulika kwa mikono hiyo. Ukiwa na ndugu anayevimba midomo kila akionja samaki, mshtakiwa wa kwanza kwa kawaida ni parvalbumini hiyohiyo, ya upande wa samaki.

Kichupa cha pili ni cha kalbindini D-28k. Robert Wasserman na Alan Taylor wa Chuo Kikuu cha Cornell waliigundua mwaka 1966 kwenye utumbo wa vifaranga vya kuku waliokuwa wamepewa vitamini D. Ile D kwenye jina ni ya vitamini hiyo, na 28 ni uzito wake kwa kilodaltoni. Asiyejihadhari husoma jina, akakimbilia kuwalisha panya wake vitamini D, akangoja ubongo ung'ae. Atangoja sana. Utumbo huitii vitamini D. Kalbindini ya kwenye ubongo kwa sehemu kubwa haina habari nayo.

Cha tatu ni cha kalretinini. Jeni yake ilielezwa mwaka 1987 na John Rogers wa Cambridge, Uingereza, kutoka kwenye retina ya kifaranga, na jina linakumbuka jicho hilo. Usiifungie machoni lakini. Imejaa ubongoni, na madaktari wa patholojia huitumia kuitambua mesothelioma, saratani ya utando wa mapafu inayohusishwa na asbesto. Misuli ya samaki, utumbo wa kuku, jicho la kifaranga: hakuna hata moja kati ya hizi tatu iliyopewa jina kwa ajili ya ubongo wa panya, na bado leo seli za ubongo wa panya ndizo zinazoitwa kwa majina yao.

Ilikuwaje? Kwa urahisi tu. Protini hizi huyeyuka kwenye majimaji ya seli na kuijaza hadi kwenye matawi. Ukikitia kipande cha ubongo rangi kwa kingamwili ya mojawapo, seli hujitokeza nzima, na jirani zake hubaki gizani. Mwaka 1981 Marco Celio na Claus Heizmann walitangaza kwamba parvalbumini inafaa kuwa alama ya seli za neva. Mwaka 1986 Celio akaonyesha kwamba, katika gamba la ubongo wa panya mkubwa, parvalbumini imo katika sehemu kubwa ya seli zinazotumia GABA, yaani seli za kutuliza wenzake. Na mwaka 1990 akachapisha ramani ya kalbindini na parvalbumini katika mfumo mzima wa neva wa panya huyo, makala yenye kurasa zipatazo mia moja. Isome. Ni kazi ya subira ambayo siku hizi hakuna mfadhili angeilipia. Ila soma pia maneno mawili ambayo wengi huyaruka: panya mkubwa.

Tusimame hapo kidogo, maana shimo hili ndilo lenye mifupa mingi zaidi.

Panya mkubwa wa maabara ni Rattus norvegicus. Ubongo wake una uzito wa karibu gramu 2 na seli za neva kama milioni 200. Panya mdogo ni Mus musculus. Ubongo wake ni kama gramu 0.4, na seli za neva zipatazo milioni 71. Asiyejihadhari humwona wa pili kuwa ni wa kwanza aliyepunguzwa. Hufungua ramani ya mkubwa, hutia rangi ubongo wa mdogo, na kila asichokitarajia hukiita ugunduzi.

Chukua hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu. Ndani ya mkunjo wake uitwao dentati kuna seli kubwa za kuchochea ziitwazo seli za mosi. Kwa panya mdogo nyingi za seli hizo zina kalretinini, na aksoni zake, nyuzi zinazopeleka ishara, huchora mkanda mzito wa rangi ambao huwezi kuukosa hata kama hadubini yako ni ya zamani. Kwa panya mkubwa seli hizohizo hazina. Aliyezoea panya mkubwa akitazama panya mdogo kwa mara ya kwanza ataapa kwamba seli za kutuliza zimeongezeka kwa maelfu. Hazijaongezeka. Anatazama seli za kuchochea, yaani upande wa pili kabisa wa shughuli.

Au chukua gamba la ubongo. Kwa panya mkubwa ilizoeleka kwamba seli zenye kalretinini na zile zenye homoni ya somatostatini ni makundi mawili yasiyochanganyika, na wanafunzi wakafundishwa kuyatenga kama maji na mafuta. Mwaka 2006 Xiangmin Xu na wenzake wakaonyesha kwamba kwa panya mdogo ipo aina ya seli iliyo na vyote viwili. Kwa hiyo sentensi "seli zenye kalretinini hazina somatostatini" inaweza kuwa kweli asubuhi na uongo mchana, kutegemea umefungua kizimba kipi.

Na wewe uliyesoma Morogoro usijaribu kuniuliza kuhusu panya buku. Najua ni mahodari. Wanafunzwa pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Lakini buku ni Cricetomys, hata familia yake kizuolojia ni tofauti na ya wale wawili wa maabara. Ukitaka ramani ya ubongo wake, tazama ubongo wake. Usiazime ya jirani.

Tukirudi kwenye protini zenyewe, kuna suala la mwendo. Kwa kuwa zote zinashika kalsiamu, asiyejihadhari huamini zinaishika kwa kasi moja. Kalbindini ni ya haraka: kalsiamu ikiingia, inadakwa papo hapo. Parvalbumini nayo, kwa hulka ya mikono yake, ingekuwa haraka vilevile, kama si kwamba katika seli iliyotulia nafasi zake nyingi zimekaliwa na magnesiamu. Ni daladala iliyofika kituoni imejaa: abiria mpya hapandi mpaka mmoja ashuke, na magnesiamu haina haraka ya kushuka. Matokeo yake ni kwamba parvalbumini haikizuii kilele cha wimbi la kalsiamu. Huchelewa kidogo, kisha ikaharakisha kushuka kwake. Tofauti hiyo ya milisekunde chache ndiyo inayoamua kama mapigo mawili yanayofuatana kwenye sinapsi, makutano ya seli na seli, yatapokezana nguvu au la. Olivier Caillard na wenzake walilionyesha mwaka 2000 kwa panya wadogo walioondolewa jeni ya parvalbumini: katika sinapsi za ubongo mdogo, pigo la pili ambalo kwa kawaida huwa dhaifu kuliko la kwanza lilikuwa na nguvu zaidi. Ukiandika kwenye tasnifu kwamba "parvalbumini hufyonza kalsiamu" bila kusema lini, hujasema kitu.

Sasa shimo tamu kuliko yote: kuamini kwamba jina la protini ni jina la seli.

Utasikia watu wakisema "seli za PV," yaani za parvalbumini, kana kwamba ni kabila. Kwenye gamba la panya mdogo kuna sababu. Karibu asilimia 40 ya seli za kutuliza zina parvalbumini, asilimia 30 hivi zina somatostatini, na zilizobaki, karibu zote, zina kipokezi fulani cha serotonini. Zile za parvalbumini nyingi hupiga mapigo ya kasi bila kuchoka, na nyingi ni seli za kikapu zinazoikumbatia miili ya seli za piramidi, zile za kuchochea. Hadi hapo mambo ni mazuri. Ila sogea hatua chache. Kwenye ubongo mdogo, seli kubwa za Purkinje zina parvalbumini na kalbindini kwa pamoja, nazo si seli za kikapu hata kidogo. Ndizo mlango pekee wa kutokea wa gamba la ubongo mdogo. Kwenye thalamasi, kiini cha retikula huwaka parvalbumini chote. Nje ya ubongo kabisa, misuli ya haraka ya panya ina parvalbumini tele, na vilevile seli za hisia zinazouambia uti wa mgongo mguu uko wapi. Kuna seli za kinara kwenye gamba, zile zinazozuia aksoni za jirani mahali pigo linapoanzia, ambazo vitabu huziorodhesha chini ya parvalbumini. Kwa panya mdogo baadhi yake hazina chembe yake.

Kalbindini ni msaliti zaidi. Wageni huitumia kuhesabu seli za kutuliza, wakasahau kwamba seli nyingi za piramidi za tabaka za juu za gamba zina kalbindini pia, kwa rangi hafifu kidogo. Seli za punje za dentati zimejaa kalbindini, nazo ni za kuchochea. Aliyehesabu bila kutazama umbo la seli anaweza kupata ubongo wa ajabu ambamo karibu kila mtu anatuliza na hakuna anayezungumza. Na kama utakutana na protini ya S100B, ambayo nayo ina mikono ya EF, usiiweke kwenye orodha ya neva: makazi yake makubwa ni astrosaiti, seli za kuhudumia.

Uzuri nao hupoteza watu. Katika gamba la entorhinali, tabaka la pili, kalbindini huchora mabaka ya seli za piramidi yaliyopangika kwa ustadi unaompa mtu hamu ya kuita wenzake waje waone. Eneo hilohilo ndilo lenye seli za gridi zilizotangazwa mwaka 2005 na maabara ya akina Moser huko Norway, zinazowaka mnyama anapopita katika vituo vya pembe sita. Kazi hiyo iliingia kwenye Nobeli ya 2014. Mwaka huohuo kundi la Michael Brecht huko Berlin likaonyesha kwamba mabaka ya kalbindini kwa panya mkubwa nayo yamejipanga kwa pembe sita, na likapendekeza kwamba seli za gridi ziko zaidi humo. Fikiria raha yake: ramani ya nafasi imechorwa kwa seli zilizopangwa kama ramani! Mwaka uliofuata maabara ya Susumu Tonegawa, kwa panya wadogo, ikazikuta seli za gridi ndani ya mabaka na nje yake pia, kwa uwiano unaokaribiana. Mimi sioni kwamba wa Berlin walikosea. Naona kwamba mchoro mzuri ulitufanya sisi wasomaji tuwe wepesi kuliko data.

Umri nao una shimo lake, fupi lakini lenye kina. Kalbindini na kalretinini zimo ubongoni tangu kabla ya panya kuzaliwa. Parvalbumini kwenye gamba huchelewa. Huanza kuonekana takriban wiki ya pili ya maisha. Mtu aliyewatia rangi panya wa siku tano akatangaza hawana seli za kikapu, amegundua kalenda. Kwa panya mdogo mzima, seli changa za punje zinazozaliwa kwenye dentati hupitia kipindi kifupi cha kuwa na kalretinini, kisha huiacha na kuvaa kalbindini. Seli moja, majina mawili, wiki chache tu katikati.

Na hata panya mzima habaki alivyo. Mwaka 2013 Flavio Donato, Santiago Rompani na Pico Caroni wa Basel walionyesha kwamba kiwango cha parvalbumini ndani ya seli za hipokampasi hubadilika kulingana na maisha ya panya. Waliowekwa kwenye vizimba vyenye vitu vingi vya kuchezea walikuwa na seli nyingi zenye parvalbumini kidogo. Waliofunzwa kuogopa mahali walipata seli nyingi zenye parvalbumini nyingi. Kwa hiyo kabla hujalinganisha panya wako na wa mwenzako, uliza walilala wapi.

Kuhusu ufundi nitapita haraka, kwa sababu kila maabara ina dini yake. Vipande vya mikromita 40 au 50 havipenyezi kingamwili hadi katikati, kwa hiyo unaweza kukuta rangi juu na chini huku kati kukiwa kweupe, ukadhani ni tabaka jipya. Kingamwili iliyotengenezwa kwa panya mdogo ukiitumia kwa panya mdogo, kingamwili ya pili, ile inayobeba rangi, itazishika na zile za mnyama mwenyewe, na mishipa yake ya damu itang'aa kama sherehe. Kalbindini na kalretinini zinafanana kwa zaidi ya nusu ya asidi amino zao, kwa hiyo kingamwili mbovu ya moja huiona na nyingine. Dawa ya uhakika ni kuijaribu kwenye ubongo wa panya aliyeondolewa jeni husika: ikiwaka humo, itupe. Ni ghali, ndiyo. Kuiondoa makala iliyokwisha kuchapishwa ni ghali zaidi.

Sasa tufike mahali ambapo nakuomba uache simu.

Umetia rangi panya wa kawaida na panya mgonjwa. Mgonjwa ana seli za parvalbumini pungufu kwa theluthi. Mkono unakuwasha kuandika: "Seli za kutuliza zimekufa." Neno "zimekufa" limeandikwa mara nyingi sana na watu wasioiona maiti. Ulichokiona ni kwamba seli chache zimewaka. Seli inaweza kuwepo, ikapiga, ikatuliza, huku ikiwa imepunguza protini yake hadi chini ya uwezo wa hadubini yako kuiona.

Ushahidi upo. Kundi la Beat Schwaller huko Fribourg, Uswisi, lilitengeneza panya wadogo wasio na parvalbumini kabisa. Ukiwatia rangi ya parvalbumini, ubongo wote ni giza. Kwa hesabu ya asiyejihadhari, hawana hata seli moja ya kikapu. Seli zipo. Wanazo, na wanatembea nazo. Panya hao huonyesha tabia zinazofananishwa na usonji, na wakipewa dawa ya kuchochea degedege hushikwa vibaya zaidi. Mwaka 2016 Federica Filice na wenzake wa kundi hilohilo walikwenda hatua moja mbele: walichukua panya wenye kasoro katika jeni za Shank, ambao pia hutumika kama mfano wa usonji, wakazihesabu seli si kwa parvalbumini bali kwa wavu wa sukari na protini unaozizunguka seli hizo, unaonaswa kwa protini itokayo kwenye mbegu za mmea Vicia villosa. Nyavu zilikuwepo, na idadi ya seli haikupungua. Kilichopungua ni parvalbumini ndani yake. Mgonjwa anayehitaji kuamshwa si sawa na aliyezikwa, na anayetafuta tiba afadhali ajue yupi yuko mbele yake.

Kisa cha kalbindini ni kama hicho. Mwaka 2003 Jorge Palop na wenzake huko San Francisco waliripoti kwamba panya wadogo waliopewa jeni ya binadamu inayohusiana na Alzheimer hupoteza kalbindini kwenye seli za punje za dentati, na kadiri wanavyoipoteza ndivyo wanavyofanya vibaya katika majaribio ya kujifunza. Seli za punje hazikuwa zimekwenda popote. Rangi ilikuwa inapima hali ya seli, na hilo ni jambo la thamani kubwa kuliko idadi, endapo mtu atakubali kulisoma hivyo.

Kutoka hapo asiyejihadhari huteleza hadi kwenye nadharia ya ngao. Inavutia mno: kalsiamu ikizidi huua, protini hizi huishika kalsiamu, basi seli zenye protini hizi zinalindwa. Nani angekataa? Panya ndio waliokataa. Damu ikikatwa kwa muda kuelekea ubongo wa panya mkubwa, seli za piramidi za eneo la CA1 la hipokampasi hufa kwa wingi, ingawa nyingi zina kalbindini. Zile za CA3, zisizo nayo, huokoka zaidi. Tamás Freund, György Buzsáki na wenzao waliliandika hilo waziwazi mwaka 1990. Mwaka 1998 likaja jaribio kwa panya wadogo wasio na kalbindini kabisa, na kuwa nayo hakukuonekana kuziokoa seli za hipokampasi zilizokosa damu. Wapo waliopata matokeo ya kinyume katika hali nyingine. Ila ukisikia mtu anasema "ngao" bila kutaja eneo gani, mnyama gani na ajali gani, mpe kiti apumzike.

Majaribio ya kuondoa jeni yana ucheshi wake pia. Mwaka 1997 Matti Airaksinen na wenzake walimwondolea panya mdogo kalbindini. Ubongo ukawa na umbo la kawaida, mnyama akala na kuzaa, ila alipotakiwa kutembea juu ya ufito mwembamba akayumba. Mwaka 1999 Serge Schiffmann na wenzake wa Brussels waliondoa kalretinini, ambayo kwenye ubongo mdogo hukaa kwenye seli za punje na si kwenye seli za Purkinje. Zilizoharibika mapigo ni seli za Purkinje. Ukimnyang'anya mmoja, anayelalamika ni jirani. Na wewe uliyeweka elektrodi kwa jirani pekee utamlaumu asiyehusika.

Shimo la kisasa ni la kijeni. Leo huhitaji hata kichupa: unaagiza panya ambao kila seli iliyowahi kuwasha jeni ya parvalbumini inawaka yenyewe. Ukoo unaotumika zaidi ulitoka maabara ya Silvia Arber huko Basel mwaka 2005, na ulitengenezwa kwa ajili ya kuchunguza neva za hisia za misuli, wala si gamba la ubongo. Ukiuingiza kwenye gamba utawasha seli za kikapu, naam, pamoja na baadhi ya seli kubwa za piramidi za tabaka la tano ambazo ni za kuchochea. Kisha utazizima zote kwa mwanga, mnyama atafanya jambo la kushangaza, na utaandika kwamba kutuliza ndiko kulikosababisha.

Bado hujaanza kumzungumzia binadamu, na nakusihi usianze leo. Kwenye striatamu ya panya, seli za kati, yaani zisizotuma ishara nje ya eneo lake, zenye kalretinini ni chache; kwa nyani na binadamu ndizo nyingi kuliko aina nyingine za seli za kati. Kwenye gamba pia uwiano unageuka, kalretinini ikiongezeka kwa upande wetu. Aliyepata dawa ya panya kwa kuhesabu parvalbumini hajapata dawa ya mtu, amepata swali zuri tu.

Basi ukikaa kuandika, taja spishi, ukoo, umri na jinsia ya panya, walivyofugwa, kingamwili uliyoitumia na ulivyoithibitisha. Pale ulipotaka kuandika "seli zimepungua," andika "seli zinazoonyesha parvalbumini zimepungua," kisha zihesabu upya kwa alama nyingine kabla hujatuma. Na makala isiyotaja mambo hayo usiinukuu, hata kama jarida lililoichapisha ni kubwa.